Govi Kubana: Mwongozo Kamili wa Kulilegeza, Kulitibu na Kujua Lini Uende Hospitali

Wengi wanaouliza kuhusu govi lisilorudi nyuma hawajakosa dawa. Tyubu wanayo, tena wengine wana tatu. Walichokosa ni utaratibu. Kuna aliyepaka siku nne akaona hakuna kitu, akaacha. Kuna aliyepaka kichwa cha uume kwa mwezi mzima, huku pete ya ngozi inayobana haijaguswa hata mara moja. Na wapo, hawa ndio wengi, waliovuta kwa nguvu bafuni mpaka ngozi ikachanika, ikapona kwa kovu, na sasa inabana kuliko mwanzo.

Hospitalini hali hii huitwa fimosisi. Mwongozo huu unafuata hatua moja baada ya nyingine. Usiruke hatua, hasa ya pili na ya tatu, maana hapo ndipo utajua kama krimu itakusaidia au utapoteza wiki nane bure.

## Haya si ya kujitibu nyumbani

Nenda hospitali leo, hata kama ni usiku, ikiwa:

- Govi limerudi nyuma likakwama, kichwa kinavimba na huwezi kulirudisha mbele.
- Mkojo haupiti, au unatoka matone tu huku tumbo la chini limejaa na linauma.
- Uume umevimba wote, ni mwekundu, una joto, na mwili una homa.

Nenda ndani ya wiki hii ikiwa una kidonda kisichopona, usaha, au uvimbe mgumu unaousikia kwa kidole chini ya govi. Kidonda na usaha vinaweza kuwa vya magonjwa ya zinaa, na hayo yana dawa zake. Uvimbe mgumu lazima daktari auone, kwa sababu saratani ya uume huwapata zaidi wanaume ambao govi lao limebana kwa miaka mingi. Ni saratani adimu. Tatizo lake ni kwamba inajificha chini ya ngozi, na mwenyewe anaona haya kuionyesha.

## Vitu vya kuandaa

- Maji ya uvuguvugu na beseni safi, au bafu lenye maji ya moto.
- Sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali. Dettol, chumvi, ndimu na spiriti viweke mbali kabisa.
- Taulo au kitambaa laini, chako peke yako.
- Krimu au marhamu ya betamethasoni (dawa ya jamii ya steroidi, inayopunguza uvimbe na kulegeza ngozi) ya asilimia 0.05 au 0.1, iliyoandikwa na daktari au tabibu.
- Mafuta ya mgando yasiyo na harufu.
- Kikata kucha. Kucha ndefu ndizo zinazochana ngozi hii laini.
- Kioo kidogo na mahali penye mwanga.
- Kalenda ya simu yenye kengele mbili, ya asubuhi na ya usiku.
- Majibu ya kipimo cha sukari ya damu. Hili halina mbadala kama wewe ni mtu mzima na govi limeanza kubana siku za karibuni.

Kuhusu krimu, niseme jambo. Mambo huharibikia dirishani pa duka la dawa. Nyuma yako kuna foleni, anayehudumia ni binti wa rika la mdogo wako.

"Karibu kaka, nikusaidie nini?"

"Naomba dawa ya fangasi."

"Za wapi, kaka?"

"Za… mapajani."

Unapewa tyubu ya mchanganyiko yenye dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi ndani yake, na maelekezo ya paja. Hakukosea yeye. Kama huwezi kutamka, andika kwenye simu: "Govi langu halirudi nyuma, nimeandikiwa betamethasoni peke yake," kisha mwonyeshe pamoja na cheti. Na kama duka la dawa muhimu la mtaani kwako halina dawa hiyo, nenda famasia kubwa, au kemisti kama uko Kenya.

Usichukue krimu ya kung'arisha ngozi hata kama mtu amekuapia kwamba ndani yake mna steroidi. Ni kweli, nyingi zinayo, na mara nyingi ni klobetasoli, ambayo ni kali kupita kiasi kwa kazi hii bila usimamizi wa daktari. Hujui kipimo chake, wala hujui imechanganywa na nini.

## Hatua ya 1: Tenganisha umri na ugonjwa

Mtoto wa kiume huzaliwa govi likiwa limeshikana na kichwa cha uume. Si ugonjwa, ndivyo alivyoumbwa. Ngozi hizo huachana zenyewe taratibu kadiri anavyokua. Kwa wengine huachana mapema, na wengine husubiri hadi wakati wa kubalehe. Kufikia miaka 17, wanaobaki na govi linalobana ni wachache sana, karibu mmoja kati ya mia.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto mdogo ana kazi moja tu: kuosha nje kwa maji, basi. Asivute govi. Asikubali bibi, yaya wala mhudumu yeyote alivute "ili lizoee". Ukilivuta kwa nguvu unachana ngozi zilizoshikana, kidonda kinapona kwa kovu, na fimosisi ambayo isingekuwepo inaanzia hapo. Mtoto akikojoa na govi likavimba kidogo kama puto, halafu mkojo ukatoka wote bila kilio, hilo peke yake si hatari. Vile vijipunje vyeupe vinavyoonekana chini ya ngozi navyo si usaha. Ni seli za ngozi zilizokufa, zinazosaidia kuachanisha.

Mpeleke kwa daktari kama analia akikojoa, kama anapata maambukizi ya mkojo mara kwa mara, kama govi huwa jekundu na kuvimba kila baada ya muda, au kama ncha yake imekuwa nyeupe na ngumu. Krimu ya mtoto huamuliwa na daktari, si mzazi.

Hatua zinazofuata ni za kijana aliyekwisha balehe na mtu mzima.

Utajua umefaulu hatua hii ukiweza kujibu swali moja: govi langu halijawahi kurudi tangu utotoni, au lilikuwa linarudi vizuri halafu likaanza kubana? Jibu liandike, daktari atalitaka.

## Hatua ya 2: Tazama ngozi yenyewe

Oga kwanza kwa maji ya uvuguvugu. Kaa penye mwanga, shika kioo, vuta govi nyuma pole pole mpaka pale linapokataa, usipite hapo. Sasa angalia ile pete ya ngozi inayobana.

Ngozi laini. Rangi yake ni sawa na ngozi inayoizunguka, inavutika kidogo, haina michubuko. Hii ndiyo inayoitikia krimu vizuri. Endelea na hatua ya tatu.

Ngozi ya kovu. Pete ni ngumu, nyeupe au yenye mabaka meupe yanayong'aa, inapasuka kila ukijaribu kuivuta, pengine mkojo nao umekuwa mwembamba. Hapa mshukiwa wa kwanza ni ugonjwa wa ngozi uitwao likeni sklerosasi. Hauambukizi, haukuletwa na uchafu wala uzinzi, ila unakaza ngozi mwezi hadi mwezi na unaweza kushuka hadi kwenye tundu la mkojo. Krimu ya kawaida mara nyingi haiuwezi. Usianze mwenyewe. Daktari wa ngozi au wa njia ya mkojo anaweza kukuandikia steroidi kali zaidi kwa muda maalumu, lakini wengi huishia kwenye tohara, ambayo kwa ugonjwa huu ni tiba hasa. Kipande kilichokatwa kinapaswa kupelekwa maabara. Uliza kama kitapelekwa.

Si pete, ni uzi wa chini. Govi linarudi vizuri, ila uume ukisimama kile kigozi chembamba cha upande wa chini kinavuta kichwa kikainama, na wakati mwingine kinachanika wakati wa tendo na kutoa damu. Huo si fimosisi. Kuna upasuaji mdogo wa kurefusha kigozi hicho, na krimu haitakufaa sana.

Ukishajua aina, pima kiwango chako:

1. Linarudi lote, lakini linabana nyuma ya kichwa.
2. Linarudi nusu, kichwa kinaonekana kiasi.
3. Linaonyesha tundu la mkojo tu.
4. Halifunguki kabisa.

Pima mara mbili, uume ukiwa umelala na ukiwa umesimama, kwa sababu wapo wa namba 1 wakilala ambao huwa namba 3 wakisimama. Andika namba zote mbili na tarehe. Usipoandika, wiki ya tatu utadhani hakuna kilichobadilika, utakata tamaa, na kumbe umetoka namba 3 kwenda 2.

## Hatua ya 3: Pima sukari, tibu maambukizi kwanza

Mwanaume wa miaka arobaini na kuendelea ambaye govi lake lilikuwa halina shida, sasa linabana, linawasha na lina mipasuko midogo kwenye ncha, asinunue krimu yoyote kabla hajapima sukari. Kisukari kinaingiza sukari kwenye mkojo, mkojo unalowesha govi, fangasi wanapata chakula, ngozi inachanika na kupona, inachanika na kupona, mpaka inakaza. Wapo wanaogundua kwamba wana kisukari kupitia mlango huu huu.

Kipimo ukikifanya hujala usiku kucha, kikasoma milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, rudi kwa daktari kithibitishwe. Ukipima wakati wowote tu, na una dalili kama kiu na kukojoa mara kwa mara, namba ya kuangalia ni 11.1.

Kama tayari una kisukari na unatumia dapagliflozini au empagliflozini, mweleze daktari wako. Dawa hizi hutoa sukari kupitia mkojo kwa makusudi, hivyo fangasi wa sehemu za siri ni kawaida kwa wanaozitumia. Usiziache mwenyewe, zina faida kubwa kwa moyo na figo. Daktari ataamua.

Fangasi wenyewe utawatambua kwa wekundu, muwasho na utando mweupe, wakati mwingine harufu. Krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku kwa wiki moja hadi mbili kwa kawaida inatosha, na mwenza akiwa na muwasho au uchafu ukeni naye atibiwe, la sivyo mtarudishiana.

Kwa nini usubiri? Steroidi hupunguza kinga ya ngozi pale inapopakwa. Ukiipaka peke yake juu ya fangasi, muwasho unatulia siku mbili, halafu fangasi wanarudi kwa nguvu mpya.

Mafanikio ya hatua hii: ngozi haina wekundu, haiwashi, haina mipasuko mibichi.

## Hatua ya 4: Kuosha, mara moja kwa siku

Vuta govi nyuma mpaka linapofika bila maumivu. Osha kwa maji ya uvuguvugu. Sabuni kidogo kwa nje inatosha, ndani maji yanaweza kazi hiyo. Futa kwa kugandamiza taulo, usisugue, kisha rudisha govi mbele. Nitalirudia neno hilo.

Ule utando mweupe unaojikusanya chini ya govi hutoka wenyewe kadiri ngozi inavyofunguka. Usiuchokonoe kwa pamba ya masikio wala kwa kucha.

Wapo wanaoosha mara tano kwa siku kwa sabuni ya dawa wakidhani tatizo ni uchafu. Ngozi inakauka, inapasuka, inabana zaidi. Mara moja inatosha.

## Hatua ya 5: Kupaka krimu panapostahili

Hii ndiyo hatua inayowaangusha watu, na kosa lenyewe ni la sentimita moja tu.

1. Nawa mikono.
2. Vuta govi nyuma mpaka uone pete inayobana, yaani pale ngozi ilipo nyembamba na imekazana. Kwa wa namba 4, pete hiyo ni ncha yenyewe ya govi.
3. Toa krimu kiasi cha punje ya choroko.
4. Paka juu ya pete, kuizunguka yote, nje na ndani kadiri kidole kinavyofika. Sugua taratibu mpaka krimu ipotee.
5. Rudisha govi mbele.
6. Nawa mikono tena.

Fanya hivyo asubuhi na usiku, kila siku, kwa wiki 4 hadi 8, au kama daktari alivyoandika. Ukisahau asubuhi, paka ukikumbuka, lakini usiongeze dozi usiku ili "kufidia".

Kichwa cha uume hakihitaji krimu. Hakibani. Kikipakwa sana hupata ngozi nyembamba inayouma ikiguswa.

Kwa nini steroidi? Hupunguza uvimbe usioonekana kwa macho na hufanya ngozi iliyokazana iwe nyembamba kidogo na yenye kunyumbulika. Ndiyo maana inahitaji wiki, na ndiyo maana ikizidi muda inageuka madhara: ngozi inakuwa nyembamba mno, inang'aa, vimishipa vinaonekana, inachubuka kwa kuguswa tu. Ukiona hivyo, acha, nenda kaonyeshe. Na usivuke wiki nane bila daktari kukuangalia.

Angalizo la kondomu: mafuta ya mgando, mafuta ya nazi na krimu nyingi zenye mafuta hudhoofisha mpira wa kondomu za kawaida mpaka zikapasuka. Usipake muda mfupi kabla ya tendo. Osha kwanza, na kilainishi kiwe cha maji.

## Hatua ya 6: Kutanua ngozi bila kuumia

Anza wiki ya pili ya krimu, si siku ya kwanza. Ngozi ambayo haijalegezwa huchanika.

Wakati mzuri ni baada ya kukaa kwenye maji ya uvuguvugu dakika tano hadi kumi. Maji yawe ya kuvumilika mkononi, si ya kuchemsha uji.

Kama govi linarudi kiasi: livute nyuma mpaka usikie linavuta. Simama hapo. Hesabu sekunde 30, achia, pumzika, rudia. Dakika tano kwa kila zamu, mara mbili kwa siku, kisha paka krimu.

Kama halirudi kabisa: usivute nyuma. Shika kingo za ncha ya govi kwa vidole vya mikono miwili, uvute kwenda pembeni, kulia na kushoto, kwa upole uleule na muda uleule.

Kipimo ni kimoja. Kuvutika unakusikia, maumivu huyasikii. Ukisema "aah", umepita. Ukiona damu, hata tone, simamisha zoezi siku nne hadi tano mpaka pafunge, endelea kuosha tu, ndipo uanze upya kwa nguvu pungufu. Tone moja la damu linakurudisha nyuma wiki nzima, kwa sababu kila mchaniko unaacha uzi wa kovu, na kovu halinyooki.

Mitandaoni wanauza ringi za mpira na silikoni za kuvaa ndani ya govi. Sizipendekezi kwa mtu anayejitibu bila kuonwa. Ikikosewa saizi inabana damu, au inazama ndani kwa mtu wa namba 3, na safari ya kwenda kuitoa hospitali ni ndefu kwa sababu ya aibu.

Usilale na ngozi imevutwa nyuma "ili izoee". Hilo linatupeleka kwenye hatua inayofuata.

## Hatua ya 7: Rudisha mbele, kila mara

Kadiri govi linavyolegea, ndivyo hatari hii inavyokuja. Siku moja linapita kichwa kwa mara ya kwanza, unafurahi, unaliacha huko. Pete inabana shingo ya uume, damu inaingia lakini haitoki vizuri, kichwa kinavimba, na baada ya muda mfupi halirudi tena. Hospitalini wanaita parafimosisi. Ikikaa saa nyingi, kichwa kinakosa damu na kinaweza kufa.

Likikukwama:

1. Usitumie nguvu ya ghafla, na usiendelee kuvuta nyuma.
2. Shika kichwa na sehemu iliyovimba kwa kiganja, ukitumia kitambaa kibichi chenye maji baridi, ukamue taratibu bila kuachia kwa dakika tano hadi kumi. Unasukuma maji ya uvimbe yatoke. Barafu isiguse ngozi moja kwa moja.
3. Paka mafuta ya mgando. Weka dole gumba zote mbili juu ya kichwa, vidole vingine nyuma ya pete. Sukuma kichwa kiingie ndani, huku vidole vikileta ngozi mbele.
4. Lisiporudi, usirudie mara ya tatu na ya nne. Nenda hospitali mara moja. Kitengo cha dharura wanaijua hali hii, wana ganzi, na ikibidi watapasua pete kidogo.

Wahudumu wa afya nao nawakumbusha: mgonjwa akiwekwa mpira wa mkojo, govi lirudishwe mbele. Ndugu wanaomwogesha mzee kitandani wafanye vivyo hivyo. Wazee wasioweza kusema wanaumia hivi kimyakimya, na anayegundua huwa ni wa zamu inayofuata.

## Hatua ya 8: Kagua wiki ya 4 na ya 8

Wiki ya kwanza na ya pili usitarajie kitu cha kuonekana. Wengi husikia mabadiliko kati ya wiki ya tatu na ya nne: ngozi ni laini zaidi, mkojo haupigi pembeni, namba imeshuka kwa moja.

Wiki ya 4: namba imeshuka? Endelea. Haijashuka hata kidogo, na umepaka kweli mara mbili kwa siku panapostahili? Rudi kwa daktari aangalie kama kuna kovu ambalo hukuliona.

Wiki ya 8: govi likirudi lote, uume umelala na umesimama, bila maumivu, acha krimu. Limebaki namba 1 au 2? Mwombe daktari akupe mapumziko na pengine awamu nyingine. Limebaki namba 3 au 4? Krimu imefanya ilichoweza. Nenda hatua ya tisa.

Kwa watoto na vijana wenye ngozi isiyo na kovu, krimu za namna hii hufaulu kwa wengi wao, kuanzia theluthi mbili na kuendelea. Kwa mtu mzima mwenye kovu, matarajio yawe ya chini, na hiyo si sababu ya kujilaumu.

Je, tendo la ndoa? Mkiwa katikati ya matibabu, subirini mipasuko yote ipone. Mpasuko kwenye govi ni mlango wa virusi vya Ukimwi na magonjwa mengine ya zinaa. Mweleze mwenzako. Kukwepa chumbani bila maelezo hujenga maswali mabaya kuliko ugonjwa wenyewe.

## Hatua ya 9: Upasuaji, na unavyojieleza

Tohara ndiyo tiba ya kudumu. Govi halipo, fimosisi haipo. Kwenye familia za Kiislamu na kwa watu wa pwani mambo haya huisha utotoni, ndiyo maana fimosisi ya ukubwani tunaiona zaidi kwa jamii ambazo kijadi hazikutahiri, kama Wajaluo, Waturkana, Wasukuma na Wanyakyusa, au kwa vijana wanaosubiri jando. Tangu Shirika la Afya Duniani lilipoipendekeza tohara mwaka 2007 kama njia mojawapo ya kupunguza maambukizi ya VVU, baada ya majaribio yaliyofanyika Kisumu, Rakai nchini Uganda na Orange Farm nchini Afrika Kusini, vituo vingi vya umma Kenya, Tanzania, Uganda na Rwanda vilianza kuitoa. Hupunguza kwa karibu asilimia 60 uwezekano wa mwanaume kuambukizwa na mwanamke. Kondomu bado inahitajika.

Kinachowakwamisha watu ni kupanga foleni kama wenzao bila kusema kwamba govi halirudi. Sema mapema, ukifika mapokezi au kwa tabibu:

"Shikamoo daktari. Govi langu halirudi nyuma tangu utotoni. Nimetumia betamethasoni wiki nane, limebaki hivyo. Sukari nimepima, iko sawa."

Maelezo hayo yanabadilisha njia watakayotumia. Baadhi ya vifaa vya ringi vya kutahiria havifai kwa govi lililobana sana, na mpasuaji huenda akachagua kulipasua kwanza juu ili aone kichwa kabla ya kukata. Akikutana na hali hiyo ghafla, utaahirishwa.

Unachomwa sindano ya ganzi, kazi yenyewe ni karibu nusu saa, unarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Kwa kawaida unaangaliwa baada ya saa 48 na tena siku ya saba. Tendo la ndoa na kujichua ni baada ya wiki sita. Wiki ya tatu panaonekana pamepona, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Juu pamefunga, chini bado.

Kama hutaki kupoteza govi, uliza kuhusu upasuaji wa kupanua govi. Pete inachanwa kidogo na kushonwa kwa upande ili tundu lipanuke. Haufai kwa likeni sklerosasi. Unahitaji daktari bingwa wa njia ya mkojo, unayempata hospitali kubwa kama Muhimbili, KCMC Moshi, Bugando, Kenyatta au Mulago. Walio Uingereza waanzie kwa daktari wao wa kawaida. Huduma ya umma hutahiri kwa sababu za kitabibu kama hii, na kwa kawaida atataka kwanza ujaribu krimu.

Na hapana, usiende kwa mtu wa mtaani mwenye kiwembe hata kama ametahiri ukoo mzima. Govi la kawaida analijua. Lako limeshikana, haoni anapokata.

## Likishalegea

Endelea kulirudisha nyuma na kuosha kila siku, kulivuta hadi mwisho mara chache kwa wiki, na kulirejesha mbele. Ngozi ikiachwa miezi bila kuvutwa inaweza kukaza tena, hasa ndani ya mwaka wa kwanza.

Likianza kubana tena, pima sukari upya kabla ya kufungua tyubu. Sukari ikiwa sawa na ngozi ni laini, awamu ya pili ya wiki nne inaruhusiwa kwa ushauri wa daktari. Likibana mara ya tatu, usinunue tyubu nyingine. Omba tarehe ya upasuaji.